Sindano ya Pili

Mtu niliyemchukia kuliko wote alikuwa na mkono mzuri wa kudunga. Hilo nalitanguliza kwa sababu ni kweli, na kwa sababu sitaki mtu adhani nilikuwa napambana na mjinga. Alikuwa na uwezo wa kumkaribia fahali mkorofi akimsemesha Kisukuma polepole, akampapasa shingo, na sindano ikaingia na kutoka kabla mnyama hajajua kimempata nini. Nilipopelekwa kwake kwa mafunzo ya vitendo, nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa astashahada ya afya ya mifugo, wiki nzima ya kwanza nilimtazama mdomo wazi. Nilitaka niwe kama yeye.

Alikuwa afisa mifugo wa kata huko Kishapu, nchi ya pamba na vumbi, ambako mtu asiye na ng'ombe husalimiwa haraka haraka watu wakapita. Mimi mwenyewe nimezaliwa wilaya hiyo hiyo, vijiji vitatu kutoka pale, kwa hiyo wafugaji walijua mimi ni binti wa nani na baba ana ng'ombe wa rangi gani. Chuo kilikuwa kimenipa kitabu cha mafunzo chenye jalada la bluu. Kila siku msimamizi alitakiwa aandike humo nilichofanya, mnyama gani, dawa gani, kipimo gani, kisha aweke sahihi. Yeye hakupenda kuandika. Alisema ng'ombe hajui kusoma. Alisubiri mpaka Ijumaa akajaza siku zote tano kwa mkupuo, akibuni pale alipokuwa amesahau, nami nilicheka pamoja naye.

Asubuhi moja, mvua za kwanza zikiwa zimeshanyesha na watu wameanza kulima, tulikwenda kwa mjane mmoja aliyekuwa na maksai wawili. Ndio waliokuwa plau yake, shamba lake na chakula cha watoto wake. Wote wawili walikuwa wamenywea, manyoya yamesimama, kinyesi kikavu, na kope zao kwa ndani zilikuwa nyeupe kama karatasi. Ilikuwa ndigana baridi, ugonjwa unaoletwa na kupe. Niliutambua kabla sijaambiwa na nikaona fahari. Msimamizi akafungua begi, akanipa chupa na sindano, akanitajia kipimo, akaniambia leo nidunge mimi.

Nilimuuliza kama maksai wale walikuwa wamepata dawa yoyote siku za karibuni. Nilimuuliza kwa sababu chuoni walitukazania sana kwamba dawa ile ikizidi inageuka sumu. Alisema hapana. Mwenye maksai alikuwa amekwenda kisimani na watoto walikuwa shule, kwa hiyo hapakuwa na mwingine wa kumuuliza. Nikadunga wa kwanza, nikadunga wa pili. Mkono haukutetemeka. Alinisifu.

Hatukuwa hata tumemaliza kunawa mikono pale wa kwanza alipoanza kutokwa na mate. Yalitiririka mpaka chini. Kisha misuli ya mapaja ikaanza kucheza, akaharisha, akahema kwa nguvu huku ameinyoosha shingo. Wa pili akafuata. Msimamizi alipekua begi lake kwa muda mrefu, na mimi nilijua anachokitafuta, dawa ya kupunguza makali ya sumu ile, na nilijua pia kwamba haimo. Mjane alirudi na ndoo yake kichwani akakuta maksai mmoja amelala ubavu. Hakupiga kelele. Aliitua ndoo, akamtazama msimamizi, akamuuliza kwa Kisukuma mbona jana jioni amewadunga na leo tena.

Ndivyo nilivyojua. Jioni ya jana yake, akitoka kwenye pombe kitongoji cha jirani, msimamizi alikuwa amepita pale peke yake, akawadunga wote wawili, akaenda kulala. Hakuandika popote. Asubuhi alikuwa amesahau, au alikumbuka nusu nusu na akaona aibu kuniambia. Mpaka leo sijui ni lipi kati ya hayo. Alimjibu yule mama kwa upole kwamba jana alikuja kutazama tu, na kwamba mama alikuwa amechoka, hakuona vizuri. Jua lilipofika utosini maksai wa kwanza alikuwa amekufa. Wa pili alikufa wakati watoto wanarudi kutoka shule.

Siku hiyo msimamizi hakungoja Ijumaa. Alikiweka kitabu changu cha bluu juu ya tangi la pikipiki akaandika kwa mwandiko wa kusomeka kwamba mwanafunzi alidunga bila maelekezo na akazidisha kipimo. Akaweka sahihi na tarehe. Nilimwambia hiyo si kweli na yeye anajua si kweli. Hakukasirika, wala hakunitisha. Alinishika bega.

"Mwanangu, wewe bado unasoma," alisema. "Utapewa nafasi nyingine. Mimi nina watoto sita."

Maneno hayo nilikaa nayo miaka mingi. Angenitukana, pengine ningesahau mapema zaidi.

Chuo kiliunda kamati ya watu watatu. Nilieleza yote. Waliandika barua kwa mjane kupitia ofisi ya kijiji wamuulize alichokiona, na jibu likarudi na mhuri kwamba asubuhi ile maksai wakidungwa hakuwepo nyumbani. Kila neno la jibu lile lilikuwa kweli. Nikaambiwa nirudie mwaka. Nilipokwenda nyumbani, baba hakunigombeza wala hakuniuliza. Asubuhi alitoa madume wawili zizini, wachanga, ambao hawajafundishwa plau, akawaswaga kwa miguu mpaka kwa yule mjane. Alifanya hivyo kwa heshima yake, lakini wilaya nzima ilikuona kule kuwaswaga kuwa ni kukiri. Baada ya hapo nilikuwa binti aliyeua maksai. Hata harusini, mtu alipoulizwa mimi ni nani, ndivyo alivyonitambulisha.

Nilirudia mwaka kwa hasira. Wenzangu wapya walidhani napenda sana shule. Nilijifunza vipimo vya dawa zote zilizokuwa kwenye orodha ya chuo mpaka nikawa naweza kuvitaja usingizini, na kila nilipofungua daftari nilikuwa namwona yeye na ile pikipiki. Nilihitimu, nikaajiriwa, nikapangiwa kituo karibu na Shinyanga mjini, mahali pazuri. Kisha siku moja mnadani nikasikia kwamba msimamizi wangu ameacha kazi ya serikali na kufungua duka la dawa za mifugo Nyarugusu, upande wa Geita, kwenye machimbo ya dhahabu. Wachimbaji hula nyama sana, ng'ombe hupelekwa kule kutoka Usukuma nzima, na ng'ombe wa safari ndefu huhitaji dawa. Alikuwa ameona mbali.

Niliomba uhamisho kwenda Nyarugusu. Mkuu wangu wa kazi aliisoma barua mara mbili, kwa sababu watu huandika barua za kuondoka kule, si za kwenda. Nikapewa ukaguzi wa nyama kwenye machinjio.

Wiki ya kwanza nilikwenda dukani kwake. Alikuwa ameongezeka mwili, nywele zimeanza mvi, amevaa koti jeupe lililofuliwa vizuri. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba, akaniita mwanangu, akaniuliza anisaidie nini. Nilisimama nikimtazama usoni nikingoja. Hakuna kitu kilichomjia. Nikanunua dawa ya minyoo ya mbuzi, na mimi sina mbuzi, nikaondoka. Njiani nilikuwa na hasira kuliko siku ile ya maksai. Mimi nilikuwa nimempanga maishani mwangu kama mtu anavyopanga safari, na yeye hakuwa na habari kwamba nipo.

Kwenye kazi yetu, kila anayetibu mifugo au kuuza dawa zake lazima ahudhurie mafunzo kila baada ya muda ili leseni yake ihuishwe. Wengi huenda kwa ajili ya chakula cha mchana na kubadili mazingira. Wanasaini asubuhi, wanachungulia simu, alasiri viti viko wazi. Mimi nilikaa mpaka mwisho wa kila siku, kila mafunzo niliyoweza kuyapata. Nilijifunza jinsi dawa inavyobaki kwenye nyama na maziwa, na siku ngapi mfugaji asubiri kabla ya kuchinja. Nilijifunza vimelea vinavyozoea dawa zinapotolewa ovyo. Machinjioni nilikuwa nachana shingo za ng'ombe kwa kina kuliko wakaguzi wengine, natafuta doa la njano pale sindano ilipoingia juzi juzi, na nilipolipata nilizuia nyama na kuuliza dawa ilinunuliwa duka gani. Wachinjaji walinichukia. Walisema mama huyu anapenda sheria kupita kiasi. Sikuwa napenda sheria. Nilikuwa natafuta mkono wake.

Huku nafanya kazi nikasoma stashahada, nikamaliza. Nikachaguliwa kwenda kufundishwa namna ya kufundisha watu wazima. Mwalimu wa kozi ile alituambia kila mmoja aseme kimoyomoyo kwa nini anataka kuwa mkufunzi. Wengine walifumba macho. Mimi sikuhitaji.

Ikafika siku nilipopangiwa kuendesha mafunzo ya wiki moja kwa wenye maduka ya dawa za mifugo wa Shinyanga na Geita. Ukumbi ulikuwa Ibadakuli, Shinyanga, upande wa uwanja wa ndege. Tulikuwa wakufunzi wawili, mimi na daktari mmoja wa mifugo aliyenizidi umri na elimu, mtu mkimya, mwenye haki. Orodha ya washiriki ilipoletwa niliisoma kwa kidole kutoka juu mpaka chini, na kidole kikasimama kwenye jina lake. Nikamwomba daktari aniachie mimi somo la kumbukumbu na vipimo, pamoja na mtihani wa vitendo. Alikubali bila kuuliza.

Msimamizi wangu alikaa mstari wa mbele. Tulipojitambulisha, alisema ameshika sindano tangu wengi wetu hatujazaliwa, watu wakacheka, akafurahi. Alikuwa mchangamfu, mpole kwa wanawake, mwepesi wa kuwachotea wenzake maji. Karibu yake aliketi mama mmoja wa Kihindi mwenye duka mjini, aliyeandika kila neno nililolisema, na mara kwa mara msimamizi wangu alimgeukia kumnong'oneza kwamba hayo hayana haja ya kuandikwa. Nilifundisha siku mbili. Nilifundisha kwamba kabla ya chupa kufunguliwa kuna swali la kwanza, mnyama huyu amepewa nini, lini, na nani. Nililisema mara tatu kwa siku mbili. Yeye hakuandika.

Siku ya tatu ilikuwa ya vitendo. Tuliazima ng'ombe mmoja mtulivu na mfugaji wake, tukamweka ng'ombe kwenye kibanio, uzio mwembamba wa kumzuia mnyama asigeuke. Chupa ilikuwa na jina la ile ile dawa ya ndigana baridi, ila ndani niliweka maji safi, na hakuna aliyeruhusiwa kufikisha sindano kwenye ngozi. Mfugaji nilimwelekeza hivi: mtu akikuuliza kama ng'ombe ametibiwa, sema jana jioni kuna mtu alipita akamdunga. Asipokuuliza, nyamaza. Na kwenye karatasi yetu ya kusahihishia iliandikwa wazi, kwa washiriki wote, kwamba asiyeuliza amefeli hata kama mengine yote amepata.

Swali lilikuwa moja kwa watu wote, na lilikuwa la haki. Lakini sitajifanya malaika. Mpangilio wa majina niliufanya mimi, na nilimweka yeye wa mwisho, ili wenzake wote wawe wamemaliza na wawepo wamesimama wanatazama.

Baadhi waliomtangulia waliuliza, baadhi hawakuuliza. Yule mama wa Kihindi aliuliza kabla hata hajaweka mkoba chini. Waliokuwa wamemaliza tuliwatenga upande wa pili, karibu na kibanio, wasiwaambie wenzao waliokuwa wakisubiri ukumbini. Zamu yake ilipofika alikunja mikono ya shati, akamsalimu mfugaji kwa Kisukuma, wakauliziana habari za mvua. Akamkadiria ng'ombe uzito kwa macho, akapatia karibu sawa na utepe wa kupimia uzito. Akavuta dawa, akatoa hewa, akampapasa shingo, akaanza kumsemesha taratibu. Wote walikuwa wakiitazama ile kazi nzuri. Hata mimi niliitazama. Mkono ulipofika shingoni nikamwambia asimame hapo.

Nikamwomba mfugaji aeleze ng'ombe alitibiwa lini. Mfugaji akasema jana jioni, kuna mtu alipita akamdunga.

"Hukuniambia," alimlalamikia mfugaji.

"Ulimuuliza?" nikasema mimi.

Alicheka kidogo, akawageukia wenzake, akasema hayo ni mambo ya mtihani, kazini mfugaji mwenyewe hueleza. Sikucheka. Nilikuwa nimeyaandaa maneno yangu miaka yote ile, marefu, yenye mpangilio, na pale pale yote yakanitoka kichwani yakabaki machache.

"Wale maksai wawili wa Kishapu, mwanafunzi wako alikuuliza," nilimwambia. "Ukasema hapana."

Bado alikuwa ameshika sindano juu. Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu duka lile, na nikamwona akinitafuta, akirudi nyuma mwaka baada ya mwaka, mpaka akanipata. Mkono uliokuwa hautetemeki ulishuka wenyewe. Wenzake hawakuelewa yote, lakini walielewa ya kutosha, kwa sababu hakuna aliyemsemesha mpaka tunarudi ukumbini. Niliandika alama yake kwa wino mweusi. Nikiulizwa nilijisikiaje, nitasema nilijisikia kama mtu aliyekunywa maji ya baridi baada ya kutembea Kishapu nzima kwa miguu.

Wakati wa chai alinifuata nilipokuwa nimesimama peke yangu. Aliniita mwanangu, akasema sisi ni wa nyumbani kumoja, wazee wetu wanafahamiana, na kwamba bila leseni duka litafungwa. Akaniomba niliangalie upya lile la mtihani.

"Utapewa nafasi nyingine," nilimwambia. "Wewe bado unasoma."

Alijua maneno yale yametoka wapi. Aliweka kikombe chake mezani bila kumaliza chai, akaondoka.

Jioni daktari, mkufunzi mwenzangu, alikaa nami kuhakiki alama. Alipofika kwenye karatasi ile aliisoma polepole, akasema matokeo ni halali na yeye atayasaini. Kisha akaniambia kwamba kumfelisha mtu ni kazi yangu, lakini kumwongezea yale maneno pale mbele ya watu lilikuwa jambo langu mwenyewe, na yeye asingelifanya. Nilimjibu kwamba yeye hakupewa kitabu cha bluu. Hakuniuliza kitabu gani. Akasaini.

Kanuni iliruhusu kurudia mtihani baada ya miezi mitatu. Miezi ile mitatu duka lilikuwa na kufuli. Ipo njia fupi kutoka chumba nilichopanga mpaka machinjioni, lakini mimi nilipita njia ndefu kila asubuhi ili nilione lile kufuli. Kuna siku nilimkuta amekaa kwenye benchi nje, anawaeleza wafugaji kwamba hauzi. Nilimwamkia kama kawaida. Aliitikia.

Mwezi wa pili alikuja ofisini kwangu akaniuliza waziwazi nataka nini. Nilimwambia kwamba mtihani wake atasahihishiwa na mtu mwingine, wala sitautia mkono. Lakini nje ya mtihani nataka mawili. Aandike barua chuoni kwangu aeleze ukweli, na aende kwa yule mjane akaseme mbele ya majirani kwamba sindano ya kwanza ilikuwa yake. Sikuwa na haki yoyote ya kumdai hayo. Nilijua, na nadhani naye alijua. Akasema barua ataandika, ila kule hawezi. Nikafungua jalada jingine nikaendelea na kazi. Baada ya wiki mbili alirudi akasema twende.

Mjane sasa alikuwa bibi. Tulimsalimu, akatukaribisha, akanitambua mimi kabla ya kumtambua yeye. Majirani wanne au watano walikuja kwa sababu walimwona mtu wa zamani. Msimamizi wangu alisimama uani, kofia mkononi, akasema kwa Kisukuma, bila kukwepa, kwamba siku ile alidunga jioni akiwa amelewa, asubuhi akanidanganya, na akaandika uongo. Sauti ilimkatika mara moja tu. Nilikuwa nimeingoja saa ile kwa nusu ya umri wangu, na nilimtazama bila kupepesa ili nisikose chochote.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi, si yeye.

"Mimi nilijua tangu siku ile," alisema. "Kijiji kilipoletewa barua, nilijua niseme nini. Lakini wewe ulikuwa unaondoka, mwanangu. Yeye ndiye aliyekuwa anabaki, na nilikuwa na ndama ndani, nani angemtibu?"

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza kwa nini alipanda mtama badala ya mahindi. Akaongeza kwamba madume wa baba yangu walikuwa wazuri, walimlimia misimu saba. Hasira niliyokuwa nayo kwa mtu mmoja ilisimama uani pale kama ng'ombe asiyejua zizi lake, na kwa muda nilimchukia na yule bibi, na mikono yake iliyokunjamana, na ndama wake wa zamani. Tukaletewa maziwa ya mgando. Sote watatu tulikunywa.

Tuliporudi barabarani msimamizi aliniuliza kama imetosha. Nilimwambia hapana, na ilikuwa kweli.

Barua aliiandika. Chuo kilijibu kwa aya mbili, kwamba kumbukumbu yangu imesahihishwa na kwamba wanasikitika. Nilimpelekea baba nakala. Baba hajui kusoma Kiswahili vizuri, kwa hiyo nilimfasiria mstari kwa mstari. Aliniomba nirudie pale palipoandikwa kwamba mwanafunzi hakuwa na kosa. Kisha akaikunja ile karatasi, akavaa koti lake, akaenda nayo mnada wa Mhunze, na kila aliyekutana naye anayejua kusoma alimwomba asome kwa sauti. Mama ananiambia alifanya hivyo wiki nne mfululizo. Sikujua kwamba baba naye alikuwa na yake moyoni. Miaka yote ile hatukuwahi kulizungumza.

Msimamizi wangu alirudia mtihani mbele ya daktari, akafaulu vizuri. Kufuli likatoka. Siku hizi, mbali na machinjio, nakagua pia maduka ya dawa ya eneo lile, na langoni kwake naingia bila taarifa, wakati mwingine mara mbili kwa mwezi, jambo ambalo kwa wengine silifanyi. Naangalia jokofu la chanjo kama lina baridi, naangalia tarehe za chupa moja moja mpaka zile za rafu ya juu kabisa, ambazo lazima apande kwenye stuli kunishushia. Hapandi tena kwa wepesi, magoti yanamsumbua. Namwacha apande.

Mara ya mwisho nilikaa saa nzima. Kulikuwa na wateja mlangoni, na mmoja wao, mchimbaji aliyekuwa na mbwa mgonjwa kwenye kiroba, alinung'unika kwamba serikali inachelewesha watu. Yeye mwenyewe hakunung'unika. Alisimama kando ya meza, koti jeupe limefungwa vifungo vyote, akingoja nimalize. Sikupata kosa lolote. Nilisaini fomu ya ukaguzi, nikamwachia nakala yake, nikamwambia nitarudi.